Umeongeza RAM, Kompyuta Imegoma Kuwaka: Fundi Anajibu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinalia kilio kimoja: mtu ameongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ili mashine iende kasi, akabonyeza kitufe, skrini ikabaki nyeusi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mambo yake yanawahusu karibu wote. Zilizobaki nimejibu pale tu zinapotofautiana nayo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kompyuta ya mezani ambayo haijawahi kunisumbua. Ilikuwa na RAM moja ya GB 8, DDR4. Kazi yangu ni kuhariri video, nikaona mashine inazidiwa, nikanunua RAM mbili za GB 16 kila moja. Nilizima, nikatoa ya zamani, nikaweka mpya zote mbili. Tangu hapo nikiwasha, feni zinazunguka na taa za kasha zinawaka, lakini monita haionyeshi kitu na kibodi haiwaki hata taa. Jamaa mmoja anayejua kompyuta alikuja akaangalia, akasema bodi mama imeungua, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naomba ushauri. Ndani ya kompyuta hiyo kuna video ya mteja ambayo natakiwa kuikabidhi.

JIBU: Marahaba. Bodi usinunue kwanza.

Nianze na video ya mteja, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. RAM haihifadhi faili. Video yako iko kwenye diski, na kompyuta iliyogoma kabla ya kutoa picha haijaigusa diski hiyo. Muda ukikubana, diski inaweza kuchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine leo hii, ilimradi haikufungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), au kama imefungwa uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48.

Sasa tuje kwenye mashine. Kompyuta iliyokuwa nzima, ikafunguliwa, ikawekewa kitu kipya, kisha ikagoma, wa kwanza kuhojiwa ni hicho kitu kipya na namna kilivyowekwa. Bodi huungua, sikatai, lakini dalili ulizoniandikia hazitoshi kuihukumu. Feni kuzunguka maana yake umeme unafika. Skrini kuwa nyeusi na kibodi kulala mara nyingi maana yake prosesa imeamka, imetafuta RAM, haikuipata au haikuelewana nayo, ikasimama hapo. BIOS, ile programu ya bodi inayoiamsha kompyuta, haiwezi kutoa picha kabla RAM haijakubali kufanya kazi. Kwa hiyo bodi nzima kabisa yenye RAM iliyokaa vibaya inaonekana vilevile kama bodi iliyokufa.

Rudi ulikotoka. Chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Kama bodi yako ina taa ndogo ya kusubiri, utaiona ikififia hadi kuzimika. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika RAM, na urudie kila ukiinuka na kurudi. RAM ishikwe kwenye kingo, vidole visiguse meno ya dhahabu. Toa zote mbili mpya, rudisha ile ya GB 8 kwenye sloti ileile iliyokuwamo, washa.

Ikiwaka, bodi ni nzima na tumebaki na RAM mpya tu. Isipowaka, bado usikate tamaa, bali angalia mkono wako ulipita wapi ulipokuwa unachomoa na kuchomeka. Kuna kebo ya umeme ya pini 8 (kwenye bodi nyingine ni 4) karibu na prosesa, na ile pana ya pini 24 ambayo mara nyingi iko jirani kabisa na sloti za RAM. Ikilegea kidogo tu, mashine inaweza kuzungusha feni na isifanye kingine. Kadi ya michoro nayo huinuka upande mmoja mtu anapoiegemea. Ichomoe, uirudishe hadi kishikizo chake kifunge. Kisha hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi hiyo, siyo kwenye tundu la bodi.

Kuhusu kukaa kwa RAM kwenye sloti, naomba unisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nimeona mashine nyingi zikihukumiwa bure. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe alikwisha kuambiwa kwamba bodi imekufa. Nikalaza kasha, nikamulika kwa tochi. Upande wa kushoto RAM ilikuwa imezama sawasawa. Upande wa kulia kishikizo kilikuwa kimesimama juu ya bega la RAM badala ya kuingia kwenye mkato wake wa pembeni, na chini yake ulionekana mstari mwembamba wa meno ya dhahabu, unene wa ukucha tu. Ukitazama kwa juu ungeapa kwamba imeingia. Niliibonyeza upande huo kwa kidole gumba, ikalia "tak", tukawasha, picha ikatoka.

Bodi nyingi za siku hizi zina kishikizo upande mmoja tu wa sloti, upande wa pili haufunguki. Hizo ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu mtu anasikia mlio mmoja anadhani kazi imekwisha. Weka vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho wa RAM, bonyeza upande mmoja hadi ukae, kisha mwingine. Bodi itabonyea kidogo chini ya mkono wako, na hapo wengi huogopa wakaacha kabla haijafika. Usiogope, ilimradi umekwisha kuhakikisha kwamba ule mkato ulio kati ya meno umelingana na kigingi cha sloti. Usipolingana, usilazimishe hata kidogo: ama umeigeuza, ama ni ya kizazi kingine. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila mkato umehamishwa makusudi ili moja isiingie kwenye sloti ya nyingine.

Ukishaipata picha kwa RAM ya zamani, zima, chomoa umeme, sasa jaribu mpya moja peke yake. Bodi ikiwa na sloti nne, anza na ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ambayo mara nyingi imeandikwa A2. Ukija kuweka mbili, zikae A2 na B2, yaani ya pili na ya nne. Kuzibananisha kwenye sloti mbili zinazofuatana ni kosa la kawaida sana. Baadhi ya bodi huwaka hivyo lakini polepole, nyingine hazitaki kabisa. Kitabu cha bodi kina mchoro wa hili, na kama kimepotea kipo kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. RAM ya kwanza ikiwaka kwenye A2 na ya pili ikagoma kwenye A2 hiyohiyo, una RAM mbovu, irudishe kwa aliyekuuzia. Zote mbili zikiwaka kwenye A2, na hakuna hata moja inayokubali upande wa B, basi tatizo limehamia kwenye sloti au kwenye prosesa. Hapo uulize kama kuna mtu aliwahi kufungua kipoozeo cha prosesa. Skrubu zilizokazwa upande mmoja kuliko mwingine, au pini moja iliyopinda chini ya prosesa, huweza kuua upande mzima wa RAM huku kila kitu kingine kikienda vizuri.

Bodi nyingi zina taa nne ndogo zenye maandishi CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya michoro) na BOOT (diski ya kuwashia). Taa inayobaki inawaka ndiyo inayokwambia mashine imekwama wapi. Kama yako haina taa lakini ina kispika kidogo, sikiliza milio. Idadi na maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo usiazime tafsiri ya mashine ya mwenzako. Kuna jaribio moja ninalolipenda: toa RAM zote, washa mashine ikiwa tupu. Ikilia au ikawasha taa ya DRAM, imekulalamikia kwamba haina RAM, na bodi inayoweza kulalamika haijafa. Ukikuta kimya kabisa, hakuna mlio wala taa, ingawa kispika kipo, hapo ndipo nami nitaanza kuitilia shaka bodi au prosesa.

Zote mbili mpya zikigoma na ya zamani ikiwaka, soma kilichoandikwa kwenye RAM. Kasi kubwa iliyochapishwa kwenye lebo, tuseme 3600, kwa kawaida ni kasi ya XMP, mpangilio wa kuikimbiza RAM kuliko kasi yake ya kawaida, ambayo haiji mpaka uiwashe mwenyewe ndani ya BIOS. Ikiwa XMP ilikuwa imewashwa tangu enzi za RAM ya zamani, zima huo mpangilio kwanza ukiwa bado na RAM hiyo. Angalia pia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la BIOS, kwa maana maelezo ya matoleo hayo mara nyingi yanataja maboresho ya RAM. Kazi hiyo nayo ifanye ukiwa na RAM ya zamani, umeme ukiwa wa uhakika.

Kufuta mipangilio ya BIOS nimekuachia mwisho makusudi. Unachomoa umeme, unatoa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, au unagusanisha pini za jampa zilizoandikwa CLR CMOS. Husaidia kweli, lakini huondoka na mipangilio yako. AHCI na RAID ni njia mbili za bodi kuwasiliana na diski: kama diski ilikuwa imewekwa AHCI na mpangilio wa kiwandani ni RAID, au kinyume chake, Windows itafika nusu ya njia na kuanguka kwa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Mtu akiona hivyo hudhani diski imekufa, akaifuta na kuanza upya, na kazi za watu zikapotea hivyohivyo. Rudi BIOS, badilisha mpangilio huo mmoja, itafunguka. BitLocker nayo inaweza kukudai ufunguo baada ya BIOS kufutwa, basi utafute kabla hujagusa ile betri. Kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Mwisho, ile ya GB 8 usiichanganye na mpya mpaka hizi mbili zimefanya kazi siku kadhaa bila matata. Kuchanganya kunawezekana na zote zitashuka hadi kasi ya ile ya polepole, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba zitaelewana. Kwa kuhariri video, GB 32 zilizotulia ni bora kuliko 40 zinazoyumba.

SWALI: Fundi, mimi ni mwanafunzi. Laptopu yangu ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne na RAM moja ya GB 4. Nimepata nyingine ya GB 8, nikaibadilisha. Imeingia vizuri kabisa, mkato umelingana, imelala na vishikizo vimefunga. Nikiwasha, taa ya pembeni inawaka, feni inapuliza kidogo, inazima, inarudia. Nikirudisha ya zamani inawaka. Aliyenipa ananiapia kwamba ni nzima, kwake ilikuwa inafanya kazi. Nani mwongo?

JIBU: Mwanangu, huenda hakuna mwongo. Ziweke RAM mbili ubavu kwa ubavu, usome lebo herufi kwa herufi. Nadhani ya zamani itasomeka PC3L-12800S na uliyopewa itasomeka PC3-12800S. Tofauti yote iko kwenye hiyo L.

DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. DDR3L hutumia volti 1.35. Kwa laptopu zote mbili zina pini 204 na mkato uleule, kwa hiyo sloti haiwezi kukuonya: inaingia, inalala, inafunga, kila kitu kinaonekana kiko sawa. Prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizotoka 2013, kwenye laptopu nyingi zinahitaji hiyo ya volti 1.35. Ukiiwekea ya 1.5, mashine inajaribu, inashindwa, inajizima na kuanza tena, vilevile ulivyoeleza.

Rafiki yako laptopu yake bila shaka ni ya kabla ya hapo, ndiyo maana kwake ilikuwa nzima. Na habari njema ni kwamba mambo hayafungi pande zote mbili: PC3L hufanya kazi pia kwenye laptopu za volti 1.5. Kwa hiyo ukitafuta nyingine, tafuta yenye L, na ukiuza laptopu hii kesho, RAM hiyo itampata mwenye mashine ya zamani.

Ukikuta lebo zote mbili zina L, niandikie tena, ila kabla ya hapo itoe na kuirudisha. RAM ya laptopu huingia kwa mshazari, unaisukuma ndani hadi meno ya dhahabu yakaribie kutoweka yote, ndipo unailaza. Wengi huilaza mapema. Na tafadhali, kila ukifungua laptopu izime kabisa, usiifunge tu kifuniko. Laptopu iliyolala bado inapeleka umeme kwenye RAM. Chomoa chaja, na kama betri ya ndani ina plagi inayofikika, ichomoe nayo.

SWALI: Ndugu fundi, ofisini kwetu seva moja imestaafishwa, nikaruhusiwa kuchukua RAM zake nne za GB 16, DDR4. Sloti za kompyuta yangu ya mezani ni DDR4 pia. Zinaingia bila kulazimisha, lakini hata nikiweka moja peke yake mashine inabaki nyeusi na taa ya DRAM inawaka. Nimejaribu zote nne. Haiwezekani zote ziwe mbovu.

JIBU: Umefikiri sawasawa. Zote nne kugoma namna moja ni dalili ya aina, siyo ya ubovu.

Chukua moja, isogeze kwenye mwanga. Kwenye lebo utaona maandishi kama 16GB 2Rx4 PC4-2133P-R na kuendelea. R ya ndani ya 2Rx4 achana nayo, hiyo inahesabu safu za chipu. Itazame herufi inayofuata kistari baada ya kasi. Ikiwa ni R, hiyo ni RAM yenye rejista, ya seva. Kompyuta yako ya mezani inataka U. Ukigeuza RAM yenyewe utaiona rejista kwa macho: chipu moja tofauti na nyingine, imekaa katikati. Chipu za kumbukumbu nazo hazitagawanyika kwa nane, kwa sababu seva huongeza za kusahihisha makosa.

Prosesa ya kawaida inategemea kuongea na chipu za RAM moja kwa moja. Hapa inakutana na rejista njiani, haiielewi, inasimama. Hakuna mpangilio wa BIOS wala toleo jipya litakalobadilisha hilo, na sitaki upoteze jioni zako kulitafuta. Pia hukudhuru kitu, volti ni 1.2 ileile. Zikipatikana mashine za kazi nzito zenye prosesa za Xeon zinazokubali RAM za rejista, hapo zitafaa sana, na GB 64 ni zawadi kubwa kwa mwenye nazo.

Kwenye DDR5 watengenezaji walilimaliza jambo hili kwa kuhamisha mkato, RAM ya seva haiingii kabisa kwenye kompyuta ya mezani. DDR4 haikupata bahati hiyo.

SWALI: Fundi, nimeunganisha kompyuta mpya ya Ryzen 7000 na RAM mbili za DDR5, ikawaka vizuri. Jana nimeongeza mbili za aina ileile, ziwe nne. Skrini nyeusi. Nasubiri dakika moja, naizima, nawasha tena, hola. Nimefanya hivyo mara nyingi mno.

JIBU: Acha kuizima. Huenda wewe ndiye unayeikatiza.

DDR5 inapoona RAM zimebadilika, bodi huanza kupima kila njia ya mawasiliano kati ya prosesa na RAM, inajaribu muda na volti mpaka ipate vinavyoshikika. Wakati huo skrini ni nyeusi, taa ya DRAM inaweza kuwaka muda wote, na mashine inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. RAM zikiwa nyingi kazi hiyo inaweza kupita dakika kumi. Kila ukikata umeme inaanza upya. Washa, ondoka, ipe hata nusu saa.

Isipofika, rudi kwenye mbili zako za awali, zima EXPO (ndiyo XMP ya upande wa AMD) ndani ya BIOS, kisha ongeza zile nyingine. RAM nne za DDR5 ni mzigo mkubwa kwa prosesa. Kwa Ryzen 7000, AMD yenyewe inayoitengeneza inataja kasi ya 5200 ukiwa na mbili, na 3600 ukiwa na nne. Mtu aliyezoea 6000 kwa mbili akitaka 6000 hiyohiyo kwa nne, anaomba kitu ambacho hakuahidiwa. Ningekuwa mimi ningebadilishana hizo nne nipate mbili zenye ujazo mkubwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Yangu inawaka, ndiyo maana naona haya kukuandikia. Niliongeza RAM wiki mbili zilizopita. Siku nyingine inakaa kutwa bila shida, siku nyingine skrini ya bluu mara tatu, na kila mara ina maandishi tofauti. Naitumia kwa hesabu za kikundi chetu cha kuweka akiba. Je, nivumilie?

JIBU: Marahaba, dada. Usione haya, na usivumilie hata siku moja zaidi. Barua yako ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote. Kompyuta iliyogoma kuwaka haiharibu kitu. Inayowaka ikiwa na RAM yenye hitilafu inaweza kubadilisha tarakimu ndani ya kumbukumbu na kisha ikahifadhi faili yenye kosa bila kukuambia, na hizi ni fedha za watu waliokuamini.

Leo hii toa RAM mpya, rudisha mashine ilivyokuwa, na nakala za faili zako uzitoe ukiwa katika hali hiyo. Kisha pakua Memtest86+, ambayo ni ya bure, iweke kwenye fleshi na uwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo ukiwa na RAM mpya peke yake. Iache usiku kucha. Kile kipimo cha Windows si kibaya, ila ni chepesi, hitilafu za kuja na kuondoka hukipita. Matokeo unayoyataka ni sifuri. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayokubalika, kosa moja tu linatosha kuirudisha RAM kwa aliyeiuza.

Ikipita usiku mzima bila kosa, iweke pamoja na ya zamani urudie jaribio. Makosa yakitokea zikiwa pamoja tu, kila moja inaweza kuwa nzima ila haziivi chungu kimoja. Zima XMP ikiwa imewashwa, jaribu tena, na zikiendelea kukosea chagua moja ya kubaki nayo.

Ukishapata sifuri, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow ili Windows ikague faili zake. Hesabu ulizohifadhi katika wiki hizi mbili zilinganishe na daftari au risiti, mwanachama mmoja mmoja, kabla hujamsomea mtu yeyote salio lake.